Kuvunja kikoba Desemba, kufungua mwaka Januari

Kisanduku cha kikoba, kikundi cha watu wanaonunua hisa kila wiki kama akiba na kukopeshana, kina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu wanaokaa nyumba tofauti, na anayelala na kisanduku chenyewe hana hata ufunguo mmoja. Siku ya kuvunja, yaani kugawana akiba ya mwaka, wale watatu wanaitwa mmoja mmoja. Kila mtu anafungua kufuli lake na kurudi kukaa. Kufuli la mwisho likiachia, kikao kizima kinanyamaza. Ndani mna vitabu vya hisa, mhuri na kibweta chake cha wino, beseni mbili za plastiki, na vifuko viwili vya kitambaa: kimoja cha mfuko wa jamii, kingine cha hisa na marejesho. Humo ndimo ulimo mwaka mzima wa watu ishirini na tano.

Wengi wetu tunaweka malengo ya mwaka mpya kichwani, usiku wa mkesha, moyo ukiwa umechangamka. Ukituuliza mwezi wa tatu, hata wenyewe hatukumbuki tulisema nini. Watu wa vikoba wana utaratibu unaowasaidia, na sisi tunaoshika madaftari yao tumejifunza jambo moja kubwa kutoka kwao: mwaka mpya humwendea vizuri aliyeufunga vizuri ule wa zamani. Afunge hesabu, alipe deni, amtaje kwa jina aliyemfaa, amalize kinyongo, ndipo aahidi jambo. Hatua ukiiruka, ahadi yako huja kuangukia palepale uliporuka.

Utaratibu huu wa hisa na kisanduku ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa eneo la Maradi katika mradi uliojulikana kwa Kihausa kama Mata Masu Dubara. Ulipofika kwetu ulikuta watu tayari wanacheza upatu, ukashika haraka. Siku hizi Tanzania ina Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, inayoviweka vikundi vya kijamii katika daraja la nne, navyo vinatakiwa kusajiliwa. Kama chenu bado, hilo liwe lengo la kwanza la mwaka: andaeni katiba, muhtasari wa kikao kilichokubali usajili, na orodha ya wanachama na viongozi, kisha nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akawaelekeze. Kikundi chenye karatasi zake kinasikilizwa pale ugomvi unapotokea, na ugomvi wa fedha haupigi hodi.

Sasa kuvunja kwenyewe. Kazi inaanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Kama mnavunja wiki ya pili ya Desemba, mkopo wa mwisho wa miezi mitatu utoke kabla ya wiki ya mwisho ya Agosti. Oktoba toeni wa mwezi mmoja tu, na baada ya hapo fungeni dirisha. Marejesho yote yawe yameingia wiki mbili kabla ya siku ya mgawo. Kikundi kinachokopesha hadi Novemba kwa huruma, "mpeni tu mwenzetu ana shida", hujikuta siku ya kuvunja kina fedha kwenye daftari na hakina fedha kwenye beseni. Hapo ndipo mtu mwenye hisa zake kamili anaambiwa asubiri, na hiyo subira ndiyo inayovunja vikundi hasa. Huruma ina mahali pake, nao ni mfuko wa jamii. Kila mwanachama anachangia humo kiasi kilekile bila kujali ana hisa ngapi, kwa ajili ya msiba, ugonjwa na moto.

Hesabu ya mgawo haihitaji mtaalamu. Chukua kikundi cha watu 25 chenye hisa ya shilingi 5,000. Kwa mwaka wamenunua hisa 2,400, sawa na milioni 12. Riba ya mikopo imeingiza 1,560,000, faini 90,000, na matumizi ya vitabu, kalamu na nauli za viongozi yamekula 210,000. Jumlisha vyote vilivyoingia, toa matumizi, unabaki na 13,440,000. Gawa kwa hisa 2,400: kila hisa imefika shilingi 5,600. Aliyenunua hisa mbili kila wiki kwa wiki 48 ana hisa 96. Aliweka 480,000, anaondoka na 537,600. Mwenye hisa 40 anayedaiwa 150,000 anastahili 224,000, wanakata deni lao, anapokea 74,000, na mwaka mpya unamkuta hadaiwi na mtu pale kikundini.

Ikitokea thamani ya hisa imekuja na vipande, tuseme 5,612 na senti, shusheni hadi 5,600. Msipandishe kamwe. Shilingi chache za kupandisha zikizidishwa kwa hisa elfu mbili na zaidi zinakuwa pengo, na pengo lote humwangukia anayelipwa mwisho. Kinachobaki baada ya kushusha kiingie mfuko wa jamii, ambao wenyewe haugawanywi. Unavuka mwaka ukiwa mzima, ili atakayefiwa tarehe 2 Januari asikute kisanduku kitupu.

Lipeni kwa namba za vitabu, asubuhi, na mmalize jua likiwa bado juu. Tarehe ya kuvunja isitangazwe nje ya kikao, wala isiandikwe kwenye kundi la simu ambalo lina wasio wanachama. Wahesabu fedha wawili wanahesabu, kisha mwenye fedha anahesabu mwenyewe mbele yao kabla hajanyanyuka mkekani. Akishanyanyuka, hakuna madai. Ukurasa wake wa hisa unapigwa mstari kwa kalamu nyekundu kutoka kona hadi kona, ili zile hisa zisije zikadaiwa mara ya pili. Kama mnalipana kwa simu, mkubaliane mapema nani anabeba makato ya kutuma na ya kutoa. Nimeona jambo dogo hilo likiharibu siku nzuri.

Kabla fedha hazijaanza kuhesabiwa, fanyeni shukrani. Nasisitiza kabla. Mtu akishakuwa na laki tano mkononi masikio yake yako sokoni. Mzunguko wa shukrani ni rahisi: kila mwanachama anasimama, anamtaja mtu mmoja na jambo moja alilomfanyia mwaka huu, anakaa. Dakika moja kila mtu. Watu 25 wanamaliza ndani ya nusu saa. Katibu anaandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la muhtasari.

Kinachoharibu mzunguko huu ni asante ya jumla. "Nawashukuru wote kwa ushirikiano" inapita juu ya vichwa na haimfikii mtu. Mwenyekiti amrudishe kwa upole: "Mama, mtaje mmoja." Hapo ndipo yanapotoka yale ambayo hakuna aliyeyajua. Kwamba jirani alimnyonyeshea mtoto siku tatu mama alipolazwa. Kwamba mweka hazina, aliyefikiriwa kuwa mkali, alimlipia mtu rejesho la mwezi wa saba kimyakimya asije akapigwa faini. Anayetajwa mara nyingi huinamisha uso na kuchezea ncha ya khanga yake, maana alishasahau. Ukumbi unabadilika. Fedha zikianza kuhesabiwa baada ya hapo, sauti za watu zinakuwa chini kuliko zilivyokuwa asubuhi, na hata anayepata kidogo anapata akiwa miongoni mwa watu wake.

Walio nje ya kikundi nao wana haki. Mwalimu aliyemwachia mtoto akae darasani ada ya chakula ilipochelewa, dereva wa bodaboda aliyemkimbiza bibi hospitali usiku, mwenye nyumba aliyevumilia mwezi mzima. Tengeneza orodha ya watu watano, na kabla ya tarehe 31 Desemba uwe umewafikia wote, kwa miguu ikiwezekana, kwa simu ikishindikana. Ukienda kwa mkubwa, shikamoo kwanza na habari za nyumbani, halafu sema lililokuleta bila kuzunguka. Na kama una sufuria yake, koleo lake au elfu kumi yake, nenda navyo. Asante inayokuja na sufuria iliyosuguliwa vizuri inaeleweka na kila mtu.

Kinyongo ni kazi ngumu zaidi, na vikundi vingi vinaikimbia. Faini ndiyo mzizi. Mwaka mzima watu wamepigwa faini za kuchelewa, za kusahau salio, za simu kuita kikaoni. Katika hizo mbili tatu hazikuwa za haki, na waliopigwa wanazikumbuka hadi tarehe. Wiki moja kabla ya kuvunja, katibu asome faini zote za mwaka, moja baada ya nyingine. Aliyeonewa aseme. Wazee wawili ambao si viongozi wasikilize na kuamua palepale, na kama kikundi ndicho kilichokosea, faini irudishwe kabla ya mgawo. Mia tano ikirudishwa hadharani mtu anavuka mwaka akiwa mwepesi. Mia tano hiyohiyo ikiachwa, ataondoka Januari na kuchukua wenzake wanne.

Watu wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, wanalijua hili kwa mapana yake. Siku ya Mwaka Kogwa, ambayo siku hizi huangukia Julai, wanaume wanachapana kwa migomba uwanjani, ugomvi wa mwaka unatolewa hapo na kuishia hapo. Kibanda cha makuti kinachomwa moto, wanawake wanaimba, kisha chakula kinaliwa na mgeni anakaribishwa. Ni mwaka wa Nairuzi, wenye asili ya Uajemi, unaohesabu siku 365 bila siku ya nyongeza, ndiyo maana katika kalenda ya kawaida unarudi nyuma siku moja kila miaka minne. Kogwa ni kuoga. Vikoba havina migomba, lakini usomaji wa faini ukifanywa kwa moyo mweupe unafanya kazi ileile ya kuosha.

Turudi kwenye fedha, kwa sababu kati ya siku ya kuvunja na shule kufunguliwa ndipo mwaka mpya wa watu wengi unapopotea. Mtu anapokea laki tano tarehe 12 Desemba, na tarehe 5 Januari anatafuta mkopo kausha damu, ule wa riba kubwa ya mtaani, anunue madaftari. Hakuiba, hakucheza; fedha zilikuwa fungu moja, na fungu moja haliwezi kulindwa. Dawa yake ni bahasha, nazo ziandikwe jana yake. Bahasha zile za kaki za bei ndogo, kalamu ya wino mzito, unakaa sakafuni unaandika kwa herufi kubwa: SHULE. KODI. MTAJI. SIKUKUU. HISA. Chini ya kila neno unaandika kiasi na tarehe ya mwisho ya kutumika. Yule wa laki tano na thelathini na saba elfu na mia sita anaweza kugawa hivi: shule 180,000 kabla ya tarehe 20 Desemba, kodi 150,000, mtaji wa biashara au mbegu 100,000, sikukuu 60,000, hisa 40,000, na 7,600 za nauli ya siku hiyo. Anapohesabiwa fedha pale mkekani, anazitia moja kwa moja kwenye bahasha kabla ya kutoka mlangoni. Ukisema utazigawa ukifika nyumbani, njiani pana duka, pana mdai, pana shemeji.

Bahasha ya shule itumike ndani ya wiki. Sare, viatu na madaftari vina bei ya kawaida katikati ya Desemba. Wiki ya kufungua shule, foleni ndefu na namba ya kiatu cha mwanao imekwisha. Pale ambapo elimu haina ada bado kuna sare, daftari, chakula na nauli, na hivyo ndivyo vinavyomtoa mzazi jasho. Bahasha ya sikukuu, ikiwa nyumba zenu zinapikia pamoja au zinaelewana, ni vyema kuunganisha: mfuko mmoja wa sukari wa kilo 50 na dumu la mafuta la lita 20 vikigawanywa nyumba tano, kila nyumba inakula vizuri na hakuna aliyevunja bahasha nyingine.

Bahasha ya hisa ndiyo watu huiona ya ajabu. "Tumevunja juzi, tuanze kuweka tena?" Ndiyo, na zile 40,000 si za kubahatisha: ni hisa mbili mbili kwa wiki nne za kwanza za Januari. Vikundi vinavyokufa, hufa katika wiki hizo nne. Mtu hana fedha, anaona aibu, anakosa kikao cha kwanza, faini inamngoja cha pili, cha tatu anabadilisha njia asikutane na katibu. Mwenye bahasha anakuja kila wiki kichwa juu hata kama nyumbani ni ugali na mchicha.

Na mkopo wa kausha damu, kwa ajili ya Mungu, msiuguse Januari. Hesabu yake ni hii. Ukikopa laki moja kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi na ukawa unalipa riba tu, miezi mitatu imekula 90,000 na laki yao bado iko palepale. Laki hiyohiyo kikobani, kwa asilimia 5 kwa mwezi, miezi mitatu ni 15,000, na sehemu ya hiyo 15,000 unakuja kuikuta kwenye mgawo wako mwenyewe Desemba. Tatizo ni kwamba kikoba kipya hakina fedha za kukopesha hadi hisa zikusanyike wiki kadhaa. Ndiyo maana kuna vikundi vinavyokubaliana kila mwanachama abakize hisa kumi za mgawo wake ndani, zikawa mbegu ya mikopo ya kwanza. Kiasi kiwe sawa kwa wote, na kiandikwe mstari wa kwanza wa kitabu kipya. Naupenda utaratibu huu kuliko mwingine wowote, maana unamfaa mwenye dharura mwezi uleule dharura zinapozidi.

Bei ya hisa ya mwaka mpya inapangwa kikao kilekile, na hapa matumaini yanahitaji kushikwa mkono. Watu wana fedha mkononi, wamefurahi, mmoja anasema "twende elfu kumi", wote wanapiga makofi. Kwa kawaida bei haibadilishwi katikati ya mzunguko, kwa hiyo makofi ya Desemba yatalipwa na mifuko ya Mei. Pangeni bei kwa kuuliza swali moja: mwenzetu mwenye kipato kidogo kuliko wote, katika mwezi wake mbaya kuliko yote, anaweza kununua hisa moja kila wiki? Kama jibu ni elfu tatu, hisa ni elfu tatu. Mwenye uwezo ana nafasi ya kununua hadi tano kila kikao, anaweka elfu kumi na tano, hakuna aliyemzuia. Bei ikiwa juu, walio chini wanaanza kuruka wiki, na anayeruka wiki tatu hurudi kwa shida.

Uchaguzi wa viongozi usiwe na mambo mengi. Kura za siri. Kokoto kwenye vikopo vilivyogeuziwa migongo zinatosha. Mweka hazina na watunza funguo wabadilike hata kama waliopo ni waaminifu, kwa sababu uaminifu wa mtu usifanywe kuwa ndiyo kufuli la kikundi.

Kisha maazimio ya mtu mmoja mmoja. Haya ndiyo watu wanayoyataka zaidi na ndiyo wanayoyafanya vibaya zaidi. Kosa la kwanza ni wingi. Mtu anataka kuweka akiba, kupunguza uzito, kusoma Kiingereza, kujenga, kuacha hasira na kuamka alfajiri, yote kuanzia tarehe mosi. Chagua moja. La pili lina nafasi baada ya Pasaka. Kosa la pili ni azimio lisilo na namba: "mwaka huu nitajali afya yangu". Kujali kupi? Andika hivi: "Nitapima presha na sukari kituo cha afya kabla ya tarehe 15 Januari, na nitapima tena Aprili, Julai na Oktoba." Hilo linaulizika. Presha ikisoma 140 kwa 90 au zaidi kwa vipimo vya siku tofauti, hiyo ni ya kuongea na daktari, na mtu aliyejua Januari ana mwaka mzima wa kuifanyia kazi.

Azimio zuri lina kiasi, lina siku, lina mahali, na lina mtu wa kukuuliza. Mama anayeuza vitumbua akisema "nitaongeza mtaji" hajasema kitu. Akisema "kila Jumamosi jioni, kabla sijafunga meza, natoa elfu nne naitia kwenye kibubu kilicho kwa dada yangu", ameshafika nusu ya safari. Angalia pale "kilicho kwa dada yangu". Kibubu kilicho chini ya kitanda chako mwenyewe kinapasuliwa na njaa ya kwanza. Kilicho nyumba ya pili kinakulazimisha uvae viatu, utoke, ueleze sababu. Hatua thelathini na maelezo mafupi huokoa fedha nyingi sana.

Mtu wa kukuuliza apatikane ndani ya kikundi. Vikoba vingi vimegawanya wanachama katika makundi ya watu watano wanaodhaminiana mikopo. Kundi hilohilo lidhaminiane maazimio. Kila mtu anaandika lake nyuma ya jalada la kitabu chake cha hisa, sentensi moja, na kuwasomea wenzake wanne kwa sauti. Wiki ya nne wanaulizana. Wiki ya kumi na tatu, robo ya mwaka ikiisha, wanaulizana tena, na hapo ruhusa ipo ya kupunguza namba. Aliyeahidi elfu nne akawa anaweza elfu mbili, aikate, aandike elfu mbili, aendelee. Watu hawaambiwi hili. Wanadhani azimio likipunguzwa limekufa, kwa hiyo wakishindwa elfu nne wanaacha na elfu mbili.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu yake. "Umeshindwa tena?" inafunga mdomo. "Dada, ile ya Jumamosi imefikia wapi?" inaufungua. Kama amekwama, mwulizeni ni siku gani hasa ilikwama na nini kilitokea siku hiyo. Mara nyingi utakuta azimio lilikuwa sawa, ila siku haikufaa: Jumamosi ndiyo siku ya kulipa unga, Jumatatu ingekuwa nyepesi. Sogezeni siku.

Kuna mwanachama mmoja ambaye kila kikundi kinaye, na ndiye anayenifanya niandike haya. Mwaka wake ulikuwa mbaya. Alifiwa, au aliugua, au biashara ilichukuliwa na mafuriko. Siku ya kuvunja hisa zake ni 11. Aliweka 55,000, kwa thamani ile ya 5,600 anapata 61,600, na anakaa kati ya watu wanaopokea laki tano na laki sita. Hisa lazima zisomwe kwa sauti, maana uwazi ndio ulinzi wa wote. Lakini mwenyekiti asome zote kwa sauti moja, bila kushangilia waliojaza, bila kuguna kwa waliopungukiwa. Msipige makofi kwa mtu yeyote. Makofi ya mmoja ni kofi la mwingine. Na mtangulizeni kwenye mzunguko wa shukrani, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye aliyepika misibani na kulala hospitalini na wagonjwa wa wenzake, mambo ambayo hayana safu katika kitabu cha hisa.

Halafu mpeni kitabu kipya. Kikao cha kwanza cha Januari kila mtu anafungua ukurasa uleule, mweupe, wenye mistari ya wiki na vyumba vitano vya mhuri kila mstari, kimoja kwa kila hisa. Aliyekuwa na hisa 96 hana kitu humo. Aliyekuwa na 11 hana kitu humo. Wote wanaanzia mstari mmoja, wanaitwa kwa namba, wanaweka fedha kwenye beseni, wahesabu fedha wanataja kiasi, katibu anabonyeza mhuri kwenye wino na kuugonga. Vyumba visivyonunuliwa vinapigwa mstari palepale ili asije mtu akajigongea mwenyewe. Mwisho wa kikao katibu anataja salio la jamii na salio la hisa, wote wanalirudia kwa sauti mara mbili, kwa sababu wiki ijayo mmoja atainuliwa ghafla aulizwe, na akisahau kuna faini.

Kisha beseni zinarudi ndani, vitabu juu yake, kifuniko kinashuka, na wale watatu wapya wanaitwa waje wafunge.